Nyika Si Tupu: Siku Nne za Kulala Kwa Gari, Kitengela Hadi Illasit

Wasee, kila wiki lazima nipate meseji kama tatu hivi zinauliza kitu kimoja: "Ile gari ulitengeneza na pesa ngapi, na nikitaka kuenda jangwani kama wewe nianzie wapi?" Nimekuwa nikijibu vipande vipande, leo nimekaa chini niandike yote. Lakini kabla tuingie kwa betri na magodoro, kuna kitu nataka tusikizane, juu naona tumeanza kudanganyana.

Zile vidio mnatumiana, gari iko katikati ya mchanga, mlango wa nyuma umefunguliwa, kikombe cha kahawa, hakuna mtu hadi mwisho wa macho, hizo nyingi ni za Utah, ama Moroko, ama Namibia. Ni poa. Hata mimi ndizo zilinitoa Kitengela. Shida ni kwamba tunazitazama halafu tunatoka kutafuta hiyo picha hapa kwetu, na tukikosa kuipata tunailazimisha. Tunasukuma ng'ombe watoke kwa kamera. Tunangoja mama wa punda apite ndio turekodi. Alafu tunaandika "hakuna mtu huku" na mtu ako hapo nyuma ya kamera anatushangaa.

Na pia, jangwa lenyewe? Jangwa halisi la Kenya liko Marsabit, linaitwa Chalbi. Kajiado ni nyika kavu, nusu jangwa, kama sehemu kubwa ya hii nchi. Asilimia 80 hivi ya Kenya ni ardhi kame ama nusu kame. Yaani ukikata kona yoyote kutoka barabara ya Namanga uko ndani tayari, hauhitaji visa. Illasit yenyewe, mahali tulikuwa tunaenda, si kavu hata kidogo. Iko kwa mguu wa Kilimanjaro, nyanya na vitunguu kila mahali, baridi ya asubuhi ya kukufanya utafute koti. Lakini kufika huko lazima upite pale chini, na pale chini ndiyo stori.

Sasa gari. Ni Hiace ya zamani, ile ya umbo la sanduku, iliyokuwa matatu ya viti 14 ikikimbia Kitengela na tao. Mimi na binamu yangu tuliinunua kwa mtu aliyekuwa amechoka na biashara, makanga na askari. Viti tukauza. Fundi wa mbao wa huku kwetu akatutengenezea kitanda cha plaiwudi kinachofunguka, chini yake unaweka vitu. Pazia ni leso za mamangu. Kupika ni meko ya kilo 6, sufuria mbili na mwiko. Msiniulize friji. Friji ndiyo inaua watu kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na sijui kwa nini watu wanaiogopa. Betri yetu ni ampea 100 kwa volti 12. Zidisha, unapata 1,200, hizo ni wati kwa saa moja. Lakini hii ni betri ya asidi, si lithiamu, ukiimaliza hadi chini mara kwa mara inakufa haraka. Kwa hivyo tumia nusu, 600. Laptopu yangu inakula kama 60 ikifanya kazi, taa mbili za ndani ni 10 zote pamoja, simu mbili na betri za kamera ni kidogo tu. Nikihariri vidio saa nne, hiyo ni 240. Bado niko sawa. Paneli ni wati 200 juu ya paa, na jua la Kajiado halina mchezo, saa nne ama tano za jua kali inarudisha yote. Jumla, na waya na kile kidude cha kusimamia chaji, tulitumia 68,000, bila kuhesabu bei ya gari. Mtu akikuambia lazima uwe na laki tatu anakuuzia kitu.

Kwa maji ndipo hesabu inauma. Tulibeba mitungi minne ya lita 20. Lita 80, watu wawili, siku nne. Hiyo ni lita 10 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kuosha uso, kuosha sufuria. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ndio aishi vizuri. Siku ya kwanza unajiona mjanja sana. Siku ya pili, saa nane mchana, gari limekuwa tanuri, unaangalia mtungi na unaanza kuhesabu binamu yako amekunywa vikombe vingapi.

Tulitoka Kitengela asubuhi, tukapita Isinya, Kajiado mjini tukajaza mafuta na kununua sukuma, halafu badala ya kushuka Namanga tukakata kuelekea Mashuuru ndio tutokee Sultan Hamud na Emali. Ukisikia Kajiado, ujue hilo jina wanasema linatokana na neno la Kimaasai la mto mrefu. Mto wenyewe ukiupita wakati wa kiangazi ni mchanga. Usiku wa kwanza tulilala kwa ploti ya rafiki ya binamu. Sitadanganya eti ilikuwa safari, tulikuwa tumeegesha gari kando ya choo cha mtu. Emali ndipo unaacha barabara ya Mombasa na kushika ile lami ya kwenda Loitoktok, kama kilomita mia hivi, na hapo ndipo nchi inafunguka. Kulia na kushoto ni nyasi kavu na migunga. Mashariki unaona vilima vya Chyulu vimejipanga. Na kukiwa hakuna mawingu, mbele yako, bila kuonywa, mlima. Mita 5,895. Nimekuwa nikiuona tangu nikiwa mtoto tukienda kwa shosho na bado huwa nanyamaza.

Theluji imepungua, hiyo pia niseme. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya huko juu imeisha. Shosho hana hizo takwimu, lakini anakuonyesha kwa kidole ilikuwa inafika wapi.

Usiku wa pili na wa tatu tulikuwa karibu na Mbirikani. Mpango wetu ulikuwa tulale huko nje kabisa, mbali na barabara, mbali na kila kitu. Lakini nilikuwa nimempigia shosho tukiwa Emali, na aliniambia kitu kimoja tu: "Usilale kwa mtu bila kupiga hodi." Nikamwambia shosho, huko ni nyika, hakuna kwa mtu. Akacheka hadi simu ikakatika.

Kwa hivyo tuliona boma, tukaacha gari kando ya barabara ya vumbi, tukatembea. Kama haujui, ukikutana na mzee wa Kimaasai na wewe ni kijana, unainamisha kichwa anakigusa. Binamu yangu alinyoosha mkono kama anaomba kazi. Mzee alicheka, akaguswa na huruma, akamshika mkono na kichwa pia.

Nikamweleza: baba, tunaomba ruhusa tulale hapa usiku mbili, tuko na gari, tuko na chakula, hatutasumbua. Aliangalia gari kwa muda mrefu. Halafu akauliza, kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Mnakimbia nini?"

Nikasema hatukimbii kitu.

"Kitengela kuna nyumba?"

Iko.

"Ina stima?"

Iko.

"Maji?"

Hapo nikasita kidogo, juu mnajua Kitengela na maji. Nikasema yanakuja siku zingine.

"Basi mnakimbia kitu," akasema, "ama hamjui." Na akaenda kutuonyesha pa kuegesha.

Mimi nilikuwa tayari nimechagua mahali. Kulikuwa na uwanja umenyooka, nyasi ya dhahabu imesimama hadi magoti, mlima nyuma yake, mti mmoja. Kama umewahi kushika kamera unajua hiyo picha. Nikamwonyesha. Akakataa kabla nimalize sentensi. Akatuelezea kwamba hiyo inaitwa olopololi. Ni nyasi iliyowekwa akiba kwa ndama na ng'ombe wagonjwa, haiguswi wakati mvua ipo, inangojwa kiangazi kikikaza. Boma lote linaijua mipaka yake, na hakuna ua wala bango. "Hapo mnaona hakuna kitu," akasema, "ndipo tumeweka kila kitu."

Hiyo sentensi imekaa na mimi kuliko vidio zote nimetengeneza mwaka huu. Fikiria: ile sehemu inayoonekana tupu zaidi, ile inayoita gari na hema na droni, ni tupu kwa sababu watu wameamua kutoigusa. Ni kama uingie kwa nyumba ya mtu, uone sebule haina mtu, useme hii nyumba haikaliwi.

Na hawajaiweka kwa kupenda mandhari. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Mzee alisema alikuwa na ng'ombe zaidi ya 60, akabaki na 9. Hakusema kwa kulia, alisema kama unavyosema bei ya unga. Wale 9 walipona kwa nyasi kama hiyo. Halafu mimi nataka kuikanyaga na tairi nne ndio nipate machweo.

Akatuweka upande wa pili, chini ya mgunga, kwa udongo mgumu, mahali ambapo tembo hawapiti wakienda maji. Hii pia hamwambiwi kwa zile vidio: Amboseli ni kilomita za mraba 392 tu, na tembo hawasomi ramani. Wanatoka, wanaenda hadi Chyulu na Tsavo, wanarudi, wana njia zao za miaka na mikaka, na mtu anayeishi hapo ndiye anajua njia iko wapi. Mzee aliuliza kama tuna matunda ndani ya gari. Tulikuwa na machungwa. Tukayagawa hapo hapo kwa watoto wa boma na yakaisha kwa dakika mbili.

Sasa, kuna kitu kilitokea usiku huo ambacho sikuwa nimepanga. Kama saa moja na nusu, giza limeingia, taa zetu zinawaka, wakaja. Kwanza vijana wawili na simu. Halafu mama na simu tatu. Wote wanauliza kwa upole, mnaweza tuchajia? Kumbe kuchaji simu ni kwenda hadi senta, unaacha simu dukani, unalipa, unarudi baadaye. Boma lilikuwa na taa ya sola, ile ndogo ya kulipa polepole kwa simu, lakini betri yake ilikuwa imezeeka, inashika dakika chache halafu inazima. Nikatoa ile sehemu yenye matundu ya yu-esi-bi, tukachomeka simu sita. Hesabu yangu ya 600 ikaingia wageni.

Halafu akaja msichana, wa kidato cha pili, na daftari la hesabu. Hakuuliza chochote kuhusu gari. Alikaa kwa ngazi ya mlango, chini ya taa yetu, akafanya kazi ya shule karibu masaa mawili. Tulikuwa tumepanga kurekodi sauti usiku huo. Tulizima kila kitu, tukakaa hapo kama walinzi. Saa kumi na moja asubuhi, nikiwa bado nimejifunika blanketi, nikasikia punda. Alikuwa yeye, anaenda maji kabla ya shule.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Hapa ndipo kichwa kiliniuma. Pale Mbirikani (na ukilisikia hilo jina, si unasikia birika ndani yake?) panapita bomba la Nolturesh. Nolturesh ni chemchemi kule juu karibu na Loitoktok, maji ya Kilimanjaro, yanashuka kwa bomba yanapita hii nyika yote, yanaenda hadi upande wa Kajiado, Machakos, Athi River. Na Kitengela. Yaani yale maji yanayokuja nyumbani kwetu siku zingine, yale tunalalamika kwa makundi ya WhatsApp ya ploti, yanapita kwanza kando ya msichana mwenye punda. Nimeishi Kitengela tangu nikiwa na miaka sita. Hakuna siku mtu aliwahi kuniambia bomba linaanzia kwa shosho.

Sisemi kuna mtu mbaya hapo. Miji inataka maji, na mimi ni mmoja wa hao wanaofungua mfereji. Nasema tu kwamba hili jina la kuishi "nje ya gridi" tumeliazima kwa watu ambao gridi imewachosha. Wana stima ya kutosha hadi wanalipa kuikimbia. Pale Mbirikani bomba linakupita, nyaya za stima zinafuata barabara zinakupita, na wewe uko kati. Uko ndani ya gridi kabisa, ila kwa ile sehemu inayobebwa na si inayopewa. Mimi kulala pale usiku mbili na kuita hiyo uhuru, sawa, niite, lakini nisimtoe msichana kwa picha ndio uhuru wangu upendeze.

Na hapo ndipo nafika kwa pesa, juu mnapenda pesa.

Hii safari ilikuwa na mdhamini. Sitataja. Kampuni inauza vitu vya kusafiri, walikuwa wametaka sekunde 40: gari, mtu mmoja, jangwa tupu. 35,000. Kwa mtu ambaye aliacha chuo na nyumba yake ni 9,000 kwa mwezi, hiyo ni karibu miezi minne ya kulala bila kuogopa keyteka. Niliwatumia vidio ikiwa na birika la ng'ombe, punda, tochi ya mzee ikitembea gizani kuja kutuangalia, na mikono ya watu ikipokea simu zao asubuhi. Hakuna uso wa msichana, mamake alikataa na hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa mazungumzo. Naona ndiyo kitu kizuri zaidi nimewahi kukata.

Wakajibu kwa adabu sana. Picha ni nzuri, lakini "haina ile hisia ya jangwa". Tunaweza kutoa watu na wanyama? Nikaeleza. Wakarudi na wazo lingine: basi wakati mwingine nenda Chalbi, huko hakuna mtu kabisa, tutaongeza pesa.

Binamu alisema tuchukue. Na ako na hoja, msimcheke. Alisema wale wa Utah hawaulizwi, kwa nini sisi ndio tubebe maswali ya dunia yote kwa sekunde 40? Kila tangazo ni uongo kidogo, hata la sabuni. Na hiyo pesa ingenunua betri mpya ya taa ya lile boma mara kumi. Tulibishana kutoka Kimana hadi Loitoktok, madirisha wazi, na sikumshinda. Nilichomwambia ni kwamba sabuni haina mtu anayeishi ndani yake. Ukisema nchi fulani haina watu mara elfu, kwa vidio elfu, kuna siku mtu ataamini, na atakuja na ua. Si utani. Karibu na Kimana, si miaka mingi, ilizuka kesi kubwa ya shamba la avokado la ekari 180 lililowekwa mahali wanyama na mifugo hupita, hadi NEMA ikafuta leseni na mambo yakafika kwa mahakama maalum ya mazingira. Na ranchi za vikundi, zile zilizoanzishwa na sheria ya 1968 ndio ardhi ishikwe pamoja, nyingi zinagawanywa ploti ploti. Ploti ikishakatwa, ile olopololi inakuwa "ekari 50 mandhari ya mlima" kwa bango la wakala. Kitengela inajua hiyo stori. Kitengela ndiyo hiyo stori. Pundamilia walikuwa wanapita hapa kutoka mbuga ya Nairobi, sasa pita uone kama kuna mahali pa mbuzi kupita.

Nilikataa ile pesa. Binamu hakuongea na mimi hadi tulipofika kwa shosho, na huko njaa ikatupatanisha.

Illasit siku ya soko ni kitu kingine, na naipita haraka tu juu inataka posti yake. Mpaka uko hapo, ng'ambo ni Tarakea. Watu wanavuka na magunia ya mahindi na maharagwe kama wanavuka kwenda jikoni, shilingi za pande mbili zinatembea, na unasikia Kiswahili cha Tanzania kikiomba msamaha kabla ya kupanga bei, cha kwetu kikipanga bei kabla ya salamu. Shosho alizunguka gari mara mbili, akafungua mlango, akabonyeza godoro, akauliza tumelipa pesa ngapi kulala nje. Nikamwambia 68,000 bila gari. Akaketi.

"Sisi tulikuwa tunaita hiyo kuhama," akasema, "na tulikuwa tunalia."

Sasa, kwa wale bado wanataka kuenda, na naona mnafaa kuenda, siwazuii, sikizeni haya ya mwisho ya fundi. Usilale kwa laga, ule mto mkavu wenye mchanga laini. Najua unakaa kama kitanda. Mvua ikinyesha mlimani wewe hauisikii, maji yanakuja usiku bila wingu juu yako. Choo ni jembe, shimo refu, mbali na njia ya maji, na karatasi unarudi nayo kwa mfuko. Takataka zote unarudi nazo, mbuzi atakula plastiki yako na atakufa, na mbuzi ni karo ya mtu. Miiba ya mgunga inapita tairi kama sindano, beba ya akiba mbili na pampu ya miguu, na ujue kuziba panchari mwenyewe, usitegemee mtu atapita. Moto, kama si lazima, acha, tumia meko. Nyasi kavu haikupi nafasi ya pili. Droni inataka leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya mbuga usiijaribu kabisa. Usiku ni baridi kuliko unavyofikiria, huko ni zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Beba waya wa kuchaji wenye vichwa vingi. Na piga hodi. Lipa pia, usingoje kuombwa. Sisi tuliacha pesa ya usiku mbili, na betri mpya ya taa tukaituma na gari la abiria kutoka Emali tukirudi. Ilikuwa 1,400, ilitoka mfukoni mwetu, na binamu alitoa nusu yake bila kuongea.

Chalbi tutaenda, lakini na doo yetu. Nimeanza kusoma. Huko ambako "hakuna mtu kabisa" ndiko kwa Wagabra na ngamia zao, Maikona, Kalacha, North Horr, watu wanaojua kila kisima kiko wapi. Ukisonga zaidi upande wa ziwa, kabla ya Loiyangalani, kuna mitambo ya upepo 365, megawati 310, stima yake inashikwa na nyaya zinazotembea zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Nataka kuona nani anaishi chini ya hizo nyaya na anachaji simu wapi. Lami ya kutoka Isiolo itatufikisha Marsabit bila shida, baada ya hapo ni mchanga na chumvi, na Hiace ya sanduku haikuzaliwa kwa hiyo kazi. Tunahitaji tairi pana nne, spana kubwa, mbao mbili za kuweka chini ya tairi ikizama, na mitungi sita badala ya minne. Kwa hesabu za sasa ni miezi mitano hivi, nikipata kazi za harusi za Desemba pengine mitatu.

Nilimwambia shosho kwa simu juzi. Hakuuliza pesa wala barabara. Aliuliza kama huko Kalacha kuna maji, na kama tunajua tutapiga hodi kwa lugha gani. Maji yako, kuna chemchemi. Hiyo ya pili bado tunatafuta. Kama kuna msee wa Marsabit anasoma hii na anaweza kunifunza salamu za Kigabra, niandikie.